Huduma ya kupimiwa shamba la miti: majani, takataka na udongo, nyota nne

Wale mnaoulizaga kama hii huduma ya kupimiwa shamba ina faida au ni kuliwa hela tu, mi nimeitumia kwenye shamba letu huku Njombe, la mchanganyiko, milingoti (mikaratusi) mstari na miwati (jamii ya akasia) mstari, na nyota nne nawapa bila ubishi.

Wapimaji wengi wanachota udongo wanasepa. Hawa walichukua vitatu, majani mabichi ya juu yanayopigwa na jua, yale makavu yaliyodondoka chini (ndo wanayaita takataka), na udongo wa sentimita 20 za juu kutoka sehemu kibao wakauchanganya kwenye ndoo. Dada mtaalamu anaelewesha mpaka raha, anasema udongo ni stoo, majani ndo yanaonyesha mti umekula nini. Na ni kweli bana, udongo wetu huu mwekundu una asidi, fosforasi, moja ya vyakula vya mti, unaweza kukuta ipo ila imeng'ang'aniwa na chuma na aluminiamu, mti unaiangalia tu.

Majibu sasa. Mwati naitrojeni iko juu, hiyo sio ajabu, mizizi yake ina vile vinundu vya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Mi kilichonishangaza ni takataka. Kumbe mti kabla haujaangusha jani unanyonya kwanza naitrojeni na fosforasi unazirudisha ndani, kalsiamu hairudi, inabaki humohumo kwenye jani, halafu potasiamu inaoshwa na mvua mapema tu. Jani likidondoka na naitrojeni kidogo linachelewa kuoza, ndo maana chini ya milingoti mitupu majani yanajaa hayaozi leo wala kesho, penye miwati afadhali yanaoza. Ila ukigawanya naitrojeni kwa fosforasi kwenye jani la mwati inavuka 16, na hapo wataalamu wanahesabu kwamba kinachokwamisha ni fosforasi (ikiwa chini ya 14 ndo unasema naitrojeni haitoshi). Na jamaa wa duka la pembejeo alikuwa anakomaa ninunue urea, mbolea ya naitrojeni! Ya nini sasa, wakati miwati yenyewe inaleta naitrojeni bure.

Kingine, ncha za milingoti zilikuwa zinakauka kila kiangazi, watu wanasema ukame, kipimo cha majani kikaonyesha boroni iko chini. Dawa yake boraksi (chumvi yenye boroni) kidogo sana kuzunguka shina, ukizidisha unaunguza mti. Wakasisitiza pia tusichome takataka maana naitrojeni inapaa na moshi, na siku ya kuvuna magome yamenywe palepale shambani yabaki, kalsiamu nyingi ya mlingoti iko kwenye gome.

Nyota moja nimekata kwa haya. Majibu yalichelewa, afu yakaja yamejaa vifupisho na namba bila maelezo hata mstari mmoja, ikabidi nipige simu ndo nielezewe. Pia walichanganya udongo wa bondeni na wa mgongoni mwa kilima kwenye ndoo moja wakati ni vitu viwili tofauti kabisa, waambieni mapema watenganishe. Na bei imechangamka, kila sampuli inalipiwa kivyake, ukipima vitatu na miti ya aina mbili hesabu inapanda fasta. Nauli ya mtaalamu nayo ni juu yako, ulizeni kabla hajapanda gari.