Uzoefu wangu na gazeti mbadala la wiki: wanauliza vizuri, kujibu ndiyo kazi

Ni gazeti dogo la wiki, la aina ile inayoandika mambo ambayo magazeti makubwa huyaruka: vikao vya halmashauri visivyohudhuriwa na mtu, ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba, bendi ambazo hazijawahi kupigwa redioni. Jina nitaliacha, kwa kuwa si yote nitakayosema ni sifa. Mimi ni msomaji anayelipia, na habari zao nazipenda. Ninachotaka kupima hapa ni namna wanavyotuchukulia sisi wasomaji tukiwa mtandaoni.

Nianze na wanachokiweza. Kabla ya kuandika habari nzito, hutangaza kwenye barua pepe yao ya kila wiki kwamba wanaichimba, na wanauliza: jambo hili limekugusa vipi, una hati yoyote, tumtafute nani? Chini yake kuna fomu fupi, na ndani ya fomu kuna kisanduku cha kuweka tiki kama hutaki jina lako litajwe. Kisanduku hicho kidogo kina thamani kubwa. Mpangaji anayemwogopa mwenye nyumba hawezi kumwaga malalamiko yake kwenye posti ya Facebook ambayo mwenye nyumba naye anaiona.

Nilijaza fomu hiyo walipokuwa wanafuatilia amana za wapangaji ambazo hazirudishwi mtu akihama. Aliyenijibu alikuwa mwandishi mwenyewe, na swali lake lilionyesha kwamba alikuwa amesoma maelezo yangu hadi mwisho: risiti iliandikwa kwa jina la mwenye nyumba au la dalali? Sikuwa nimelifikiria. Habari ilipotoka, sehemu nzuri yake ilihusu jambo hilo hasa, jinsi mpangaji anavyozungushwa kati ya watu wawili, kila mmoja akisema pesa iko kwa mwenzake. Jina langu halikutokea popote, kama nilivyoomba.

Utaratibu huu hawakuubuni wao. Redio ya WBEZ ya Chicago ilianzisha kipindi cha Curious City mwaka 2012, wasikilizaji wakiuliza maswali na kuyapigia kura, kisha waandishi wakienda kuyatafutia majibu. Na magazeti mbadala tangu zamani yaliwategemea wasomaji kujaza kurasa. The Village Voice la New York, lililoanzishwa mwaka 1955, lilikuwa na kurasa za matangazo madogo madogo ambazo watu walizisoma kama habari: nani anatafuta chumba, nani anatafuta mpiga ngoma, nani anatafuta mchumba. Kisha ikaja Craigslist, huduma ya matangazo madogo ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1995, ikayabeba matangazo hayo bure, na pato likaondoka nayo. Mwaka 2017 The Village Voice likaacha kuchapishwa kwenye karatasi, mwaka uliofuata likafungwa, na baadaye likafufuliwa. Kwa hiyo gazeti dogo linaponiuliza ninajua nini, naelewa kwamba nusu ya sababu ni ukata. Sina kinyongo. Afadhali aniulize mwenye shida ya wafanyakazi kuliko asiniulize mwenye nao tele.

Habari ikishatoka, mambo yanageuka.

Waliwahi kuchapisha habari ya bajeti ya halmashauri, na kwenye mchoro wa nguzo wakaandika milioni mahali ambapo maelezo yenyewe yalisema bilioni. Niliwatumia barua pepe. Mchoro ukarekebishwa upesi, hilo nawapa. Lakini hapakuwekwa mstari wowote wa kusema palikuwa na kosa, wala tarehe, wala sikupata hata neno la asante. Kibaya zaidi, picha ya mchoro ule wa zamani ilibaki kwenye ukurasa wao wa Facebook, ikaendelea kusambazwa. Chini yake watu wakashikana mashati, mmoja akinukuu picha, mwingine akinukuu tovuti, kila mmoja akimwita mwenzake mwongo. Wote wawili walikuwa wameisoma namba kwa usahihi. Gazeti lenyewe, ambalo lingemaliza ugomvi kwa sentensi moja, likanyamaza.

The Guardian la Uingereza limekuwa na mhariri wa wasomaji tangu mwaka 1997, mtu ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko na kuyajibu hadharani. Gazeti la watu wachache halina uwezo wa kumlipa mtu huyo. Ila mstari wa masahihisho chini ya habari hauhitaji mshahara wa mtu, na unamsaidia yule aliyekwisha kusambaza kosa ajue la kufanya.

Sehemu ya maoni nayo ni kama nyumba iliyohamwa. Ni walewale wanaorushiana maneno kila wiki, matangazo ya utapeli hukaa humo mpaka yachoke yenyewe, na waandishi hawaingii. NPR, shirika la redio la Marekani, waliamua mwaka 2016 kuifunga kabisa sehemu ya maoni ya tovuti yao. Wengi waliwalaumu, mimi nawaelewa. Mlango uliofungwa unajua umefungwa. Huu wa kwetu uko wazi na hakuna mwenyeji. Wa pekee anayejitokeza ni mhakiki wao wa muziki, mtu mwenye hasira za karibu, anayebishana na mashabiki wa kila albamu aliyoiponda. Hajawahi kukubali kushindwa, lakini anajibu, na mabishano yake ndiyo yanayosomeka.

Wana pia kura ya kila mwaka ambapo wasomaji huchagua biashara zilizo bora. Kuhusu hiyo sina mengi: anayeshinda ni mwenye wateja wengi wa kuwahimiza wapige kura, na wiki inayofuata tangazo lake unaliona gazetini.

Kama unafikiria kujiunga nao, chukua barua pepe ya wiki na uachane na kurasa zao za mitandao ya kijamii. Ukiwa na jambo, mwandikie mwandishi moja kwa moja kwa anwani iliyo chini ya jina lake. Anwani ya jumla ya ofisi sijawahi kuona imejibiwa. Ukikuta kosa, piga picha ya ukurasa kwanza ndipo uwaambie, maana wakilirekebisha hutabaki na cha kuonyesha.