Uzoefu wangu: mafunzo ya ulalaji salama wa watoto wachanga kwa walezi wa deikea (mahali pa kulelea watoto mchana), Minnesota, Marekani

Nyota nne kati ya tano. Natanguliza hukumu kwa sababu wengi wanaotafuta habari za mafunzo haya wako katikati ya kujaza fomu za leseni, na swali lao ni moja: niende darasani au nitazame video nyumbani nimalizane nayo? Kama ni mara yako ya kwanza, nenda darasani. Kama unarudia kwa sababu leseni inakudai, video inatosha, ingawa utapiga miayo.

Kwa wasiojua utaratibu wa hapa: katika deikea yenye leseni Minnesota, mtu haruhusiwi kuhudumia mtoto wa chini ya mwaka mmoja kabla ya kupata mafunzo haya. Haijalishi kama ni msaidizi wa saa chache tu, wala kama amelea wanawe saba wakakua wakaoa. Mimi naendesha deikea nyumbani kwangu kaskazini mwa Minneapolis. Wazazi wengi ninaowahudumia ni Wakenya na Wakongo wanaofanya kazi kwenye makao ya wazee, shifti za usiku, wengine shifti mbili kwa mpigo. Nilikwenda Jumamosi pamoja na msaidizi wangu.

Masharti yenyewe ni mafupi. Mtoto alazwe chali kila anapolala, uwe usiku au ule usingizi mdogo wa mchana. Alale kwenye kitanda chake peke yake, godoro gumu lililo tambarare, shuka moja iliyobana. Hakuna mto, hakuna blanketi, hakuna mdoli, hakuna vile vitambaa laini vya kuzungushia kitanda. Chuchu ya bandia inaruhusiwa. Basi. Ungepewa karatasi ukayasoma ukiwa kwenye basi, na kama mafunzo yangeishia hapo ningedai pesa zangu.

Kilichonifaa ni sababu. Sisi tuliolelewa Kenya tulifundishwa na mama zetu kwamba mtoto akishanyonya, mcheulishe kisha mlaze ubavu au kifudifudi, maana akilala chali akacheua atapaliwa. Hofu hiyo si ya kijinga, na nilifurahi kwamba mwalimu hakuicheka. Alichukua mdoli wa plastiki uliokatwa upande mmoja, ukiwa na mirija miwili shingoni, wa bluu wa hewa na wa njano wa chakula. Akamlaza chali: mrija wa hewa uko juu, wa chakula uko chini yake. Maziwa yakirudi, lazima yapande ndipo yafike kwenye hewa, na mtoto huyameza tena au huyatema. Akamgeuza kifudifudi: sasa mrija wa chakula ndio uko juu, na kinachorudi kinashuka moja kwa moja hadi mlangoni mwa njia ya hewa. Msaidizi wangu, ambaye ni nyanya wa wajukuu wanne na huwa habishwi kirahisi, alimchukua yule mdoli akamgeuza mwenyewe mara kadhaa, kisha akamrudisha mezani bila neno. Tangu siku hiyo sijawahi kumkumbusha amlaze nani vipi.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani ndilo kiini cha mafunzo haya kwa walezi hasa, si kwa wazazi. Mtoto aliyezoea kulala chali kwao, halafu akaja kwako ukamlaza kifudifudi kwa sababu "hivyo ndivyo anavyotulia", hatari yake ya kifo cha ghafla usingizini huweza kupanda hadi mara 18. Ni kule kubadilishiwa ghafla, kwa sababu hajazoea kuinua na kugeuza kichwa akiwa katika mkao huo. Dakta Rachel Moon na wenzake walichunguza vifo vya namna hii vilivyotokea mikononi mwa walezi, wakachapisha matokeo mwaka 2000: karibu theluthi moja vilitokea katika wiki ya kwanza ya mtoto kuletwa. Ndiyo maana jimbo linawahimiza walezi wa nyumbani kumwangalia mtoto aliyelala kila baada ya dakika 15 katika miezi minne ya kwanza tangu aandikishwe, na baadaye kila dakika 30. Kumwangalia kwa macho yako, kwa kusimama karibu naye. Kamera ni nyongeza tu.

Takwimu za nchi nzima zilitolewa pia, ila chache, nami nashukuru. Madaktari wa watoto wa Marekani walianza kushauri watoto wasilazwe kifudifudi mwaka 1992, kampeni ya taifa ikaanza 1994, na vifo vya ghafla visivyojulikana chanzo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo watoto wapatao 3,500 bado hufa usingizini kila mwaka nchini humu, vikijumlishwa vifo vya kukosa hewa kwenye mito, makochi na blanketi.

Sehemu ya vitanda niliipenda kwa sababu ilikuwa ya mikono. Shuka hupimwa hivi: shika pembe yake, vuta kwa nguvu ya kawaida. Ikitoka kwenye godoro, haifai, hata kama ni mpya na ina tembo wazuri. Mwanya kati ya fito za kitanda usizidi inchi 2 na 3/8, yaani kama sentimita 6. Kopo la soda lisipite. Vitanda vyenye ubavu wa kushusha vilipigwa marufuku mwaka 2011, lakini bado utavikuta kwenye gereji za watu na mitandaoni, vikiuzwa kwa bei ya kutupa au vikitolewa bure kwa moyo mzuri kabisa. Hili linatuhusu wahamiaji kuliko wengine. Nusu ya vyombo vyetu vya watoto tumerithi kutoka kwa mtu wa kanisani ambaye naye alipewa na jirani. Mwalimu alitoa mfano wa Rock 'n Play, kile kitanda cha mwinamo cha Fisher-Price kilichorudishwa kiwandani Aprili 2019, vipande kama milioni 4.7, baada ya watoto zaidi ya 30 kufa ndani yake. Mtoto akilala kwenye mwinamo, kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa hubanwa. Sheria ya 2022 ikapiga marufuku vitanda vya watoto wachanga vyenye mwinamo wa kupita digrii 10, na vile vitambaa vya kuzungushia kitanda pia.

Kwa sababu hiyo hiyo mtoto akifika amelala kwenye kiti cha gari, unamtoa na kumlaza kitandani. Ndiyo, ataamka. Mama yake ametoka shifti saa moja asubuhi, amemwendesha mtaa mzima hadi akalala, anakunong'oneza "usimwamshe tafadhali, dada", nawe unafungua mikanda mbele yake. Hakuna mafunzo yatakayokuondolea machungu hayo, lakini angalau sasa najua la kumwambia.

Maswali ya leso, yaani kanga, yalichukua muda mrefu, na hapa ndipo nyota ya tano ilipopotea. Kila mmoja wetu kutoka Afrika Mashariki alitaka kujua kuhusu kumfunga mtoto kwa leso ndipo alale. Jibu la Minnesota liko wazi: kumlaza mtoto akiwa amefungwa hakushauriwi katika deikea, na akishaanza kujigeuza ni marufuku kabisa. Kabla ya hapo, mzazi akiridhia kwa maandishi, kuna vazi maalumu la kipande kimoja linalobana kifua cha juu tu. Baridi ikizidi, mvalishe mfuko wa kulalia wenye zipu, usio na uzito wa kuongezwa, na kofia avuliwe akiwa ndani. Huku kwetu Januari mtoto huletwa amevaa sweta tatu na kofia ya sufu, na kupata joto kupita kiasi usingizini nako ni hatari.

Jibu zuri, lakini lilitolewa mbio mbio kama kwamba ni swali la pembeni, na picha zote kwenye kijitabu zilikuwa za mablanketi ya Kimarekani. Hakuna aliyetaja hirizi wala uzi mweusi wa shingoni. Mwalimu alitaja mikufu ya kaharabu, zile shanga za utomvu mgumu wa miti, ambayo wazazi wa hapa huwavisha watoto wanaoota meno. Serikali ilitoa onyo juu yake Desemba 2018 baada ya mtoto wa miezi 18 kunyongwa nayo akiwa usingizini. Nilikaa nikifanya hesabu mwenyewe: kama mkufu wa kaharabu unanyonga, uzi wa bibi hauna kinga maalumu. Ingekuwa vizuri lisemwe wazi mbele ya wote, kwa heshima, ili mlezi asionekane kuwa ndiye anayedharau mila.

Tena kijitabu ni cha Kiingereza tu, cha maneno ya wanasheria. Dada mmoja Mkongo aliyekaa mbele yangu alikuwa akimtafsiria mwenzake kwa sauti ya chini muda wote, hadi akaombwa anyamaze. Sikupendezwa. Sehemu ya kutomtikisa mtoto, ambayo hutolewa pamoja na hii, ilikuwa video ya zamani, sahihi lakini ya kutisha bila haja.

Kitu kimoja nilichotoka nacho kimeniokoa mara nyingi. Mzazi au nyanya akisisitiza mtoto alazwe kifudifudi, mlezi habishani. Anatoa fomu ya jimbo, na fomu hiyo lazima isainiwe na daktari au mtaalamu wa afya anayemtibu mtoto. Mtoto anayeanza kujigeuza mwenyewe kabla ya miezi sita ana fomu yake, ambayo mzazi husaini. Huyo unamlaza chali, akijigeuza unamwacha. Mimi fomu zote mbili nimezibandika karibu na mlango, kwenye ukuta ule ule wa ratiba ya chakula. Nyanya akianza "sisi tuliwalea hivyo na hamkufa", namkaribisha chai na kumpa karatasi apeleke kliniki. Mpaka sasa hakuna aliyeirudisha ikiwa na saini.

Ada yenyewe haiumizi, na cheti kinakuja kwa barua pepe. Ukienda, chukua viti vya mbele uweze kumshika yule mdoli, na kama kuna mwenzako Kiingereza kinamsumbua, piga simu mapema uulize kama wataruhusu mkalimani. Usisubiri siku yenyewe.