Bodi mpya au lenzi ya makro? Uzoefu wangu wa kupiga picha tangi la samaki

Kamba mwekundu wa kwenye tangi akiwa jike, mayai yake huyabeba chini ya tumbo na kuyapepea kwa vijiguu vyake usiku na mchana. Hukaa nayo wiki tatu hivi, wakati mwingine nne. Siku za mwisho kabla hayajaanguliwa, ndani ya kila yai huonekana vitone viwili vyeusi, na hayo ndiyo macho ya mtoto. Nilitaka picha ya macho hayo. Vifaa vyote nitakavyovieleza hapa nilivinunua kwa sababu hiyo moja.

Nilikuwa na Canon EOS 600D pamoja na lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Tangi zima nikilipiga, picha zilipendeza: mimea, mawe, kundi la samaki wadogo wa neoni likikatiza mbele. Ila nikimsogelea kamba, nilipata mnyama mdogo katikati ya fremu, na tumboni mwake kitu kama unga wa njano. Nikiikata picha kwenye kompyuta ili nimkuze, zinabaki chenga, yaani vijidoa vidogo tu. Nikaamini tatizo ni umri wa kamera, kwa kuwa ina megapikseli 18 na pointi 9 tu za fokasi, na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ikipanda kidogo picha inachafuka. Nikaweka akiba miezi kadhaa, nikanunua bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya EOS 80D yenye megapikseli 24 na pointi 45. Lenzi nikabaki na ileile.

80D ni kamera nzuri na bado naitumia. Fokasi yake inashika samaki anayekimbia ambaye 600D ingemkosa mara tatu kati ya nne, na inapiga picha saba kwa sekunde. Lakini mayai yaliendelea kuwa unga. Nilikaa mbele ya tangi jioni nyingi nikidhani nakosea mipangilio, hadi siku nilipochukua karatasi na kupiga hesabu, na ningeomba kila anayetaka kununua kifaa cha kazi hii aipige kabla hajatoa pesa.

Lenzi ya 18-55, hata ukiisogeza karibu kadiri inavyokubali, humweka mnyama kwenye sensa (sehemu ya kamera inayopokea picha) kwa ukubwa wa karibu theluthi moja ya umbo lake halisi. Yai la kamba lina upana wa kama milimita moja. Basi kwenye sensa linatua likiwa na theluthi ya milimita. Sensa ya 600D ina upana wa milimita 22.3 na pikseli 5184, kwa hiyo yai zima linapata pikseli kama 77. Kwenye 80D, yenye pikseli 6000 kwa upana unaokaribia kuwa uleule, linapata kama 89. Akiba yangu ya miezi yote ile ilikuwa imeninunulia pikseli 12 kwa kila yai. Lenzi ya makro halisi, ile inayofika moja kwa moja, yaani milimita moja ya mnyama inakuwa milimita moja kwenye sensa, inalipa yai hilohilo pikseli zaidi ya 230 kwenye kamera ileile ya zamani.

Nikatafuta lenzi ya makro iliyokwisha kutumika, nikapata Canon EF 100mm f/2.8 Macro USM. Siku ilipofika betri ya 80D ilikuwa kwenye chaji, nami sikuwa na subira, nikaifunga kwenye 600D. Picha ya nne au ya tano ilikuwa na vitone. Vilikuwa na ukungu bado na mwanga ulikuwa duni, lakini vilikuwa viwili viwili, kila yai na jozi yake. Nilimwita kila aliyekuwa nyumbani aje aone.

Kuna faida nyingine ya lenzi hii ambayo sikuitarajia, na kwa mwenye tangi naiona kubwa kuliko ukuzaji wenyewe: umbali. Lenzi ya 18-55 ilinidai mnyama awe sentimita 25 kutoka kwenye sensa ili nipate ile theluthi. Ukitoa urefu wa kamera na lenzi, zinabaki kama sentimita kumi mbele ya lenzi, na humo kuna kioo, na nyuma ya kioo samaki ambaye hana sababu ya kuja kukuganda puani. Akirudi nyuma kidogo, ukuzaji umekwenda. Makro ya milimita 100 inatoa theluthi hiyohiyo nikiwa takriban nusu mita. Maana yake samaki aliyejificha nyuma ya gogo, katikati ya tangi, sasa ananipa picha ambayo zamani ningeipata tu kama angekuja kugusa kioo. Samaki waoga hutulia zaidi usipowajazia kivuli chako.

Sasa, lenzi hii ina masharti yake, na usipoyajua utairudisha dukani kwa hasira. La kwanza ni kina cha fokasi. Ukiwa kwenye ukuzaji wa moja kwa moja, hata ukifunga tundu la lenzi hadi f/11 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), sehemu iliyo kali haifiki milimita moja. Kwenye theluthi, f/11 hiyohiyo inakupa kama milimita tano. Kwa hiyo samaki apigwe akiwa ubavu, mwili wake ukilingana na kioo, la sivyo jicho litakuwa kali na mkia utapotea. Fokasi ya kamera nikiwa karibu hivyo huwa naizima kabisa. Naweka umbali ninaoutaka, kisha najisogeza mwenyewe mbele na nyuma polepole hadi jicho liwake. Hapo pointi 9 na pointi 45 zote hazina kazi.

La pili ni mwanga, na hapa ndipo wengi wanadanganyika na ile f/2.8 iliyoandikwa kwenye lenzi. Ukifika ukuzaji wa moja kwa moja, lenzi inapitisha mwanga kana kwamba ni f/5.6, na ukiifunga zaidi upate kina cha fokasi, taa ya tangi haitoshi kabisa. Kwa taa peke yake nililazimika kupanda hadi ISO 6400, na chenga zikarudi. Dawa ikawa flashi ya nje. Niliiweka juu ya kifuniko cha kioo cha tangi ikitazama chini, ikiamriwa na flashi ndogo ya kamera bila waya. Kamera zote mbili nilizonazo zina uwezo huo. Mwanga ukitoka juu, kama jua linavyoingia majini, rangi za samaki zinasimama na kioo cha mbele hakiakisi kitu. Na flashi ikiwashwa kwa nguvu ndogo, mwanga wake hudumu chini ya sehemu ya elfu moja ya sekunde, kwa hiyo hata neoni anayekurupuka anaganda hewani, tuseme majini.

Mipangilio yangu ikatulia kwenye f/11, sekunde 1/200, ISO 400. Kwenye ISO 400 nilizilinganisha 600D na 80D zikiwa na lenzi ileile, flashi ileile na kamba yuleyule, nikamwonyesha rafiki yangu picha bila kumwambia ipi ni ipi, na hakuweza kuzitenganisha. Ile faida ya bodi mpya kwenye giza inakosa pa kuonekana pale unapoleta mwanga wako mwenyewe. Ombi langu moja tu: usimwagie samaki flashi usiku taa zikiwa zimezimwa. Acha taa ya tangi iwake, waone.

Kuhusu kioo nitasema kidogo, kwa kuwa hakuna lenzi wala bodi inayokiponya. Piga ukiwa umekikabili kioo sawasawa. Ukipiga kwa upande, maji na kioo vinaupinda mwanga, na bluu hupinda zaidi kuliko nyekundu, basi kingo za samaki zinatoka na rangi mbili na picha nzima inalegea. Nilipoteza wiki nzima nikiilaumu lenzi kwa kosa hilo. Futa kioo ndani na nje, mwani mwembamba usiouona kwa macho makro itauona. Zima taa za chumba, vaa nguo nyeusi.

Yupo mtu ambaye nitamshauri vingine. Kama unachopenda ni kupiga picha kwenye akwaria kubwa za umma, zenye papa, samaki bapa aina ya taa na makundi ya samaki nyuma ya ukuta mnene wa akriliki, mambo yanageuka. Mara nyingi flashi hairuhusiwi, mahali pana giza, na mnyama ni mkubwa kiasi kwamba ukuzaji si hoja. Nilipokwenda na 80D niliishukuru: fokasi yake iliendelea kushika mahali ambapo 600D ingekuwa inatafuta tu, na ISO 3200 ilivumilika. Hata huko, hata hivyo, hesabu bado inaegemea lenzi. Kutoka sensa ya ukubwa wa hizi zangu hadi sensa kamili, ile kubwa zaidi yenye ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35, unapata mwanga mara mbili na nusu hivi. Kutoka f/5.6 ya lenzi ya boksi hadi f/1.8 ya lenzi nyepesi ya milimita 50 unapata karibu mara kumi, na 50mm f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa. Ningeanza na hiyo. Bodi ningeiongeza baadaye, kwa ajili ya fokasi zaidi kuliko chenga.

Hiyo 50mm ina kazi nyingine pia kwa ambaye makro iko mbali na mfuko wake. Mrija wa kurefusha wa milimita 25, usio na kioo chochote ndani, ukiwekwa kati yake na kamera unaiongezea ukuzaji wa nusu nzima. Nilijaribu wa kuazima. Kingo za picha ni laini na haiwezi tena kufokasi mbali hadi uutoe mrija, lakini mayai yalihesabika. Kuliko bodi mpya, kwa mtu anayefuga kamba, ningechukua mrija huo bila kusita.

Matangi ya matumbawe ndiyo yaliyonishinda, na vifaa vyote hivi havikunisaidia. Rafiki yangu anayo moja, lenye taa za bluu kali za karibu nanomita 450. Rangi ya mwanga kwenye 80D inarekebishika hadi 10000 K tu (K, yaani kelvini, ni kipimo cha rangi ya mwanga), na kwa taa zile haitoshi, kila kitu kinatoka bluu hata matumbawe ya kijani. Tulichofanya ni kupiga kwa RAW (faili ghafi ya kamera), kupunguza bluu na kuongeza nyeupe kwenye taa kwa dakika chache, na kuweka kichujio cha rangi ya chungwa mbele ya lenzi. Makro ilionyesha midomo ya matumbawe vizuri mno. Rangi tuliipigania.

Kama ningerudi nyuma, ningebaki na 600D, ninunue makro kwanza, flashi ya pili, na 80D ya tatu au nisiinunue kabisa. Lenzi ya EF 100mm ilitoka mwaka 2000, na hadi leo inafanya kazi kwenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo cha ndani, kwa adapta tu. Bodi zitanipita mikononi, hiyo nitabaki nayo.

Jike wangu wa sasa ana mayai ya siku ya 19. Jana jioni, kwa 600D, nilihesabu mayai 23 yanayoonekana upande mmoja, na kwenye manne ya mbele vitone vimeanza.