SWAT: nzuri kwa mtiririko wa mto, ila ichunge kwenye mvua

SWAT ni programu ya bure ya kompyuta inayoiga mwendo wa maji na udongo katika bonde la mto, na hukadiria mtiririko vizuri. Udhaifu wake ni mvua: kila kijibonde (kipande cha bonde) hupewa kituo kimoja tu cha kupima mvua, kile kilicho karibu zaidi na kitovu chake. Ukigawa bonde vipande vichache, vituo vingine havitumiki kabisa na kilele cha mafuriko huweza kupotea. Gawa mpaka kila kituo kipate kijibonde chake. Ukizidisha hapo, jumla ya maji kwa kawaida hubadilika kidogo. Makadirio ya mashapo (udongo unaobebwa na maji) ndiyo huyumba, na kompyuta inachelewa bure. Ramani ya mwinuko yenye kipimo kila mita 30 yafaa milimani. Kwenye tambarare huchora mito ovyo, kwa hiyo chonga kwanza mkondo halisi ndani yake. Kizingiti cha asilimia 10 cha matumizi ya ardhi, yaani kuacha matumizi yanayochukua chini ya asilimia 10 ya kijibonde, kinaweza kufuta mji mdogo mzima.