Siku tatu na bibi wa ming'oko, kabla ya kuingia mtumbwini peke yangu Kilwa

Shilingi 60,000 nilizolipa kwa mafunzo haya ya kutambua mimea ya porini inayoliwa, kwa bibi mchimbaji wa ming'oko, mizizi ya porini, sijutii hata moja. Nasema hivyo mapema kwa sababu wengi mtaona ni pesa nyingi kwa kwenda kuchimba mizizi.

Mpango wangu ulikuwa mwezi wa kumi, upepo wa kusi umelegea na wa kaskazi bado, nipige kafi peke yangu kutoka Kilwa Masoko, nipite visiwa vya Kilwa Kisiwani na Sanje ya Kati hadi Songo Mnara, kisha nirudi. Siku tano. Mtumbwi niliokodi ni mdogo, na maji ya kunywa peke yake yalishakula nafasi kubwa. Nikataka nijue cha kuokota njiani.

Kabla ya hapo nilikuwa nategemea programu ya simu ya kutambua mimea. Unapiga picha, inakupa jina. Siku ya kwanza kijijini nilimwonyesha bibi picha ya mzizi ambao programu ilisema ni kiazi kikuu cha porini, kinachofaa kuliwa. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Mjukuu wangu, hii ndiga."

Wasioijua ndiga: ni mzizi wa porini wenye sumu. Ukiila bila kuiandaa inaweza kukupa degedege na kukuua. Watu wa kusini wameila miaka ya njaa, lakini kwa kazi: inamenywa, inakatwa vipande vyembamba, inalowekwa siku kadhaa kwenye maji yanayotembea, inaanikwa, ndipo inatwangwa unga. Vita vya Majimaji vilianzia huku, milima ya Matumbi, mwaka 1905, na Wajerumani walipochoma mashamba na maghala njaa ilikuwa kali. Bibi alipokea habari za ndiga kwa mama yake, naye kwa mama yake. Nilimwomba anionjeshe iliyokwisha kuandaliwa, akakataa. "Hii si ya mtu mwenye haraka."

Tatizo ni kwamba ming'oko, ambayo ni salama na tamu, nayo ni mzizi wa mmea unaotambaa, na wakati wa kiangazi majani yote yameshapukutika. Jani ndilo linalotofautisha upesi: la ming'oko ni moja, umbo la moyo, la ndiga ni vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja. Sasa majani hayapo. Bibi alishika ukamba mkavu, yaani shina linalotambaa, uliozunguka kichaka, akachukua kidole gumba changu na kukipitisha juu yake taratibu, kutoka chini kwenda juu. Miba. Akanipeleka kichaka kingine, ukamba mwingine: hakuna miba, una manyoya kidogo. Hapo ndipo akachomeka muo, mti wa kuchimbia, ardhini. Ming'oko ikatoka, myembamba kama vidole, udongo mwekundu umeishika. Tulichemsha kwa chumvi tukala na chai ya rangi. Alinirudisha kwenye kamba zile mbili mara nne siku ile, mara ya mwisho nikiwa nimefumba macho.

Kanuni yake ilikuwa moja: usichokijua kwa ukamba na kwa mzizi, kipite. Mwenye wenzake akikosea atabebwa. Wewe utabebwa na nani?

Mengine alinifundisha kwa haraka: mboga kama mchunga kwenye mashamba yaliyoachwa, mlenda, mnavu, na kukaa mbali na utomvu wa mnyaa, maana ukiingia jichoni unaweza kupofusha.

Safarini nilikula nini hasa? Shibe ilitoka kwenye unga na dagaa nilivyobeba, na yeyote anayedhani pori litamlisha siku tano asijidanganye. Lakini ukwaju kwenye maji ya kunywa ulinisaidia sana kwenye jua lile, ubuyu niliupata karibu na magofu ya Songo Mnara, na mboga pwani, ile yenye majani manene ya chumvi nyuma ya mikoko, niliichemsha, nikamwaga maji, nikachemsha tena na dagaa. Tamu kweli. Mikoko yenyewe sikuigusa. Kuikata bila kibali ni kosa.

Siku ya tatu ya safari, nikisubiri maji yajae nivuke kijito, niliona ukamba mkavu kichakani. Nilipitisha kidole gumba. Miba. Nikarudi mtumbwini, nikashika upondo, mti wa kusukumia mtumbwi.

Lalamiko langu ni moja: mimea ya ufukweni iligusiwa nusu saa tu, wakati wasafiri wa mtumbwi ndiyo wanayokutana nayo zaidi. Mboga pwani niliielewa vizuri kwa mvuvi wa Sanje, siyo kwenye mafunzo. Nimemwambia kijana anayepanga wageni, akasema wataongeza siku ya pwani. Mimi nimeshaomba nafasi ya masika, majani yakiwepo, na bibi ameniagiza nije na kilo mbili za sukari.