Nyota nne kwa mama wa kodi, ya tano nimeibakisha

Ritani zetu za 2023, yaani fomu za kodi ya mapato, tulijaziwa na ofisi nyingine kabisa, mimi yangu, mke wangu yake, eti zitatoka haraka. Zilitoka haraka kweli. Baadaye ndipo tukagundua kwamba mke wangu, aliyekuwa akisomea uuguzi, amekosa ule unafuu wa karo unaoweza kufika dola 2,500 kwa mwaka. Huku Marekani wanandoa wanaojaza kando hawaupati. Aliyetujazia hakuuliza hata kama kuna anayesoma.

Tukaelekezwa kwa huyu mama. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya dobi la mashine, mnazungumza kodi huku sakafu inatetemeka. Alilaza ritani zetu mbili ubavu kwa ubavu, akaweka kidole kwenye kisanduku cha hali ya ndoa: "Pesa zenu zimelala hapa."

Alitueleza kwamba waliojaza kando wakitaka kuunganisha ritani wana miaka mitatu tangu siku ya mwisho ya kujaza. Kwa za 2023 ni hadi tarehe 15 Aprili 2027. Lakini mkijaza pamoja na siku ile ya mwisho ikapita, hakuna tena kutengana kwa mwaka huo. Kisha akamgeukia mke wangu, si mimi, akamuuliza kama ananiamini, maana mkishatia saini wote wawili, deni la kodi la mmoja linadaiwa kwa yeyote kati yenu. Mke wangu alicheka kwanza, ndipo akajibu. Kicheko kile kilikuwa kirefu mno kwangu.

Fomu ya kurekebisha ritani ni 1040-X, ina safu tatu: kiasi cha awali, tofauti, kiasi sahihi. Sehemu ya maelezo nilikuwa nimemwandikia ukurasa mzima wa kumlaumu yule wa kwanza. Aliukunja, akanirudishia, akaandika sentensi mbili.

Nyota ya tano ameipoteza kwa simu. Hapokei! IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, husema marekebisho huchukua wiki 8 hadi 12, pengine 16. Yetu ilichukua 14, na zote nilikuwa nabahatisha. Kumbe wiki tatu hivi baada ya kutuma unaweza kufuatilia mwenyewe kwenye tovuti yao. Hilo niliambiwa na kijana wa kazini, si yeye.

Bei aliitaja kabla hajafungua bahasha, na haikupanda. Mkienda, nendeni wote wawili, na iwe asubuhi kabla mashine hazijaanza.