Knight Rider sizoni zote nne, duka la muvi karibu na soko kuu Mtwara

Wadau wa Mtwara mnaopenda sirizi za zamani, pale karibu na soko kuu kuna jamaa anaweka muvi kwenye fleshi, ana Knight Rider yote, ile sirizi ya gari linaloongea, kuanzia ile ya kwanza kabisa ya Septemba 1982 mpaka ya mwisho 1986, buku tano tu mzigo mzima.

Jamaa anaijua kazi yake. Mteja mmoja alitaka iliyotafsiriwa na DJ akamwambia "kaka hii usichukue ya DJ, utaikosa sauti ya gari" na mimi namuunga mkono asilimia mia, maana ile sauti ya KITT, yaani hilo gari, ndo nusu ya sirizi yenyewe. Ni William Daniels, ambaye aliomba mwenyewe jina lake lisiandikwe, na kipindi hichohicho alikuwa anaigiza daktari kwenye sirizi nyingine, St. Elsewhere, yaani kazi mbili kwa mpigo. Yeye anarekodi studio, David Hasselhoff, anayeigiza dereva Michael, yuko lokesheni anaongea na dashibodi, halafu ukiwatazama unaapa wako gari moja! Sasa DJ akiongea juu yake, ule utaratibu wa KITT kumkosoa Michael kwa heshima unapotea wote.

Na yule KARR, pacha mbaya wa KITT, alivyotokea mara ya kwanza sauti ni ya Peter Cullen, ndo huyohuyo Optimus Prime wa Transformers, sikilizeni vizuri mtamjua.

Gari ni Pontiac Firebird Trans Am ya 1982. Ile taa nyekundu inayokimbia kushoto kulia pale mbele, aliyebuni sirizi Glen A. Larson alishaitumia kwenye Battlestar Galactica ya 1978, wale maroboti Cylon wana jicho hilohilo. Zile sehemu linajiendesha lenyewe dereva yupo, kafichwa ndani ya siti iliyotengenezwa maalum. Kwangu hiyo ni kazi ya mikono tamu kuliko kompyuta za siku hizi.

Kasoro ni mpangilio, mafaili ya sizoni ya pili yamechanganyika, ile episodi ya Goliath ambayo Hasselhoff anaigiza pia Garthe, adui wa Michael, niliikuta mwishoni kabisa wakati ndo inafungua sizoni. Mwambieni ayapange kabla hamjalipa, hakatai. Nendeni na fleshi kubwa, na Ijumaa mchana anafunga kwa ajili ya swala, anarudi kama saa nane hivi.